Siku Ndovu Alipotikisa Mkoma

Jumapili, jua linaelekea kushuka. Mvua imenyesha wiki nzima na leo vumbi la Isiolo limelala, hata mlango nimeuacha wazi.

Miguu inaniuma na nimefurahi. Nimeandika hivyo kwanza nisije nikasahau.

Daftari langu, wewe unajua habari ya Kanana. Tangu mashifta, wale waasi wa msituni, wapige risasi karibu na nyumba zetu za askari, mtoto wa miaka mitatu hachezi. Upepo ukibamiza mlango, yeye analala kifudifudi, mikono kwenye masikio, vile sisi akina mama tuliwafundisha watoto wote hapa.

Mimi ndiye nilimfundisha. Nilimfundisha vizuri mno.

Ndiyo maana mama mkwe amesema apelekwe kwake Meru, akae huko mpaka vita viishe. Baba Kanana alikubali. Lori la kwenda huko ni Jumanne. Mimi sikupinga, maana nani atasema Isiolo ya sasa ni pahali pa kulea mtoto?

Sasa, Baba Kanana ni askari wa wanyama. Mkubwa wake alitaka kujua ndovu wamefika wapi kando ya mto, na wanajeshi walisema upande wa Gotu umetulia. Nikamwomba: kabla mtoto hajaenda, aone kitu kimoja kizuri cha huku. Nilijua naomba ujinga. Lakini aliomba ruhusa, na tukapewa.

Leo asubuhi lori la jeshi lilituacha mtoni huko Gotu. Pale Uaso Nyiro inagawanyika mara mbili, na katikati kuna kisiwa, msitu mtupu. Tulivuka upande wenye maji ya magoti. Mbele alikuwa Ekai na bunduki yake. Ekai ni Mturkana, anafanya kazi na Baba Kanana, mzee wa maneno mengi.

"Mama Kanana, inua sketi mbio mbio, mamba wa hapa hana heshima!"

Huko nje ni miiba na mchanga. Ndani ya kisiwa ni baridi, mizizi ya mikuyu imejinyoosha kama ng'ombe waliolala, tumbili wanatuchungulia na nyuso zao nyeusi. Ndege wa buluu alipita karibu na sikio langu. Kanana nilikuwa nimembeba mgongoni na leso, kimya, macho tu. Tulifuata mavi ya ndovu mpaka Baba Kanana akayagusa akasema bado yana joto.

Nikamshusha mtoto akojoe. Na hapo ikalia. Ta! Ta-ta-ta!

Kanana chini. Mimi juu yake. Nilimwita Mungu kwa Kimeru.

Nilipoinua kichwa, Ekai naye alikuwa amelala, bunduki iko chini ya tumbo. Baba Kanana alikuwa nyuma ya mti, amekumbatia darubini.

Kumbe yalikuwa makoma tu, yale matunda magumu kama mawe. Ndovu jike ameweka paji la uso kwenye mkoma, ule mti unaofanana na mnazi, anausukuma, na matunda yanamwagika. Mtoto wake anakimbia huku na huku kuokota. Moja likamgonga mgongoni, akaruka.

Kanana akacheka.

Si kidogo. Alicheka mpaka nikamziba mdomo, na kicheko kikapita katikati ya vidole vyangu. Ndovu akageuka, akafungua masikio. "Msikimbie," Ekai akanong'ona. Upepo ulikuwa unatoka kwa ndovu kuja kwetu, hakupata harufu yetu. Alipuliza pumzi moja nzito, akarudia mti wake.

Tulirudi kinyumenyume mpaka majini.

"Nimekimbizana na shifta mwaka mzima," Ekai akasema, "leo nimelalia matunda. Mkisema mjini, mimi siwajui."

"Mama Kanana ataandika," mume wangu akamjibu.

Kwenye lori Kanana alimwambia kila mwanajeshi, "Ndovu piga mti! Ta! Ta!" Injini ilipotoa mlio kama wa risasi njiani alishtuka, akanishika kwa nguvu. Hakulala chini.

Tulipofika nyumbani Baba Kanana aliniuliza, "Jumanne unaonaje?" Hajawahi kuniuliza jambo la mama yake. Nikasema mtoto abaki. Alivua viatu polepole. "Basi mwambie wewe."

Nikiri hapa: sijui kama namweka kwa ajili yake ama kwa ajili yangu. Risasi zikirudi je? Nimejiuliza tangu jioni ianze, na bado nataka abaki.

Nimesoma mpaka darasa la nne tu, na sijawahi kumkatalia mama mkwe hata kwa mdomo. Kesho asubuhi nitakaa na kalamu, barua iende na lori la Jumanne. Nitaanza na salamu nyingi, niulize habari ya mgongo wake na ya ng'ombe. Halafu nitaandika: Mama, mjukuu wako amecheka, naomba nikae naye.