Saa Kumi Mlangoni pa Mwami

Jumanne, 8 Julai
Nimemenya viazi, nimeosha vyombo, saa kumi nikapanda kwa mwami, chifu wetu mzee, kumsomea. Macho yake yamekufa, masikio bado. Ni hivi kila siku tangu tumalize egzameni ya Serikali, mtihani wa mwisho wa shule. Matokeo hayajatoka na Mama hapendi nikae bure. Tumefika Kitabu cha Pili cha Wafalme. Mwami anapenda vita. Majina marefu hayataki. "Pita hayo, mutoto. Benyewe bamekufa zamani."

Kambale, mjukuu wake, amefika kutoka Beni. Aliniambia: "Masika, unasoma muzuri." Mimi nikaangalia ndala zangu.

Nampenda. Nimeliandika, basi.

Alhamisi, 10 Julai
Mwami hakuamka.

Tantine Kahindo, dada yake, ndiye mkubwa wa nyumba. Alinitoa kitabu mkononi, akafunga mlango. Kwa ukoo huu mwami hafi. Ana homa, mpaka wazee wafike kutoka Lubero na kumchagua mwingine. Hadi siku hiyo, aliyekutwa ndani ya ua hatoki. Simu zote zimetiwa katika sufuria, sufuria ikafunikwa. Tuko watu tisa.

Mama alikuja kuniuliza. Langoni wakamwambia nasaidia jikoni. Nilisikia sauti yake. Alikuwa hatua kumi tu kutoka kwangu.

Kambale naye yumo ndani. Mzee amekufa na mimi nimefurahi. Naona haya.

Jumapili, 13 Julai
Sikwenda misa. Kengele ya parokia inasikika vizuri, hilo ndilo baya. Ndege imepita juu ikishuka uwanjani Rughenda.

Tantine ameamuru nisome kama kawaida. "Sauti yako majirani banaizoea. Ukinyamaza, bote bataelewa." Kwa hiyo saa kumi nakaa kwenye kigoda, nasomea mlango uliofungwa. Chumba ni kitupu. Mwili umekwisha kuzikwa, mahali ambapo sisi wengine hatupajui. Uji unaingia, bakuli linatoka tupu. Sijui nani anakunywa.

Majina marefu nayaruka bado.

Jumatano, 16 Julai
Kambale alikuja kuketi karibu nami nikisoma. Nilikosea mistari miwili. Nilipofunga kitabu akaniomba karatasi.

"Ya nini?" Ni mimi niliyeuliza. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Ya kumuandikia Zaina. Niko na mutu wangu Beni, weye haukujua? Baba yake ni transporteur, malori yake yanaenda Kasindi kila juma. Babo ni Baislamu, nyumbani kwetu bananuna, mais mimi nitamuoa tu." Akacheka. "Weye naweza kukuambia. Uko kama dada yangu."

Nilimpa karatasi ya katikati ya daftari, ile isiyoacha alama ikitolewa. Alisema asante. Nikaenda kukata sombe, majani ya muhogo ya jioni. Nilikata nyingi mno.

Ijumaa, 18 Julai
Wazee wamefika. Wamemchagua Kambale. Hakuulizwa. Kwao mwanamume anayeteuliwa hana neno.

Lakini mwami haketi peke yake. Lazima awe na mumbo, mke wa kiti, na mumbo hutoka kati ya waliokuwa ndani ya ua siku ile. Asiyeolewa ni mmoja tu. Ni mimi. Nimetimiza miaka kumi na minane mwezi wa nne.

Kesho wataniuliza mara tatu. Msichana akisema hapana, anarudi kwao bila ubaya, na kiti cha mwami kinapewa mwanamume mwingine. Akinyamaza, amekubali.

Jikoni wanacheka. Tantine alisema: "Huyu? Hata mbuzi akikula kitabu yake, anaangalia tu."

Jioni Kambale alinifuata penye kuni. Hakucheka. "Masika, mimi sina ruhusa ya kukataa. Weye unayo. Sema hapana. Neno moja tu, nakuomba." Alinishika mkono. Ni mara ya kwanza kunishika.

Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo. Nitasema.

Nimejizoeza chini ya blanketi. Hapana. Hapana. Hapana. Ni neno jepesi.

Jumamosi, 19 Julai
Mara ya kwanza sauti haikutoka. Wazee kumi na wawili, wote macho kwangu.

Mara ya pili vilevile.

Mara ya tatu sauti ilikuwapo. Niliisikia kooni, tayari kabisa. Kambale alikuwa ananiangalia. Hajawahi kuniangalia hivyo. Sikuitoa.

Watasema ni haya. Mama atasema ni haya. Mimi najua.

Jumanne, 22 Julai
Leo wametangaza kwamba mwami amekufa, na kwamba mwami yupo. Ngoma tangu asubuhi. Watu wamejaa mpaka barabarani. Kambale aliketi kitini, mimi nyuma yake kwenye mkeka. Niliona kisogo chake masaa sita.

Mbuzi wa mahari wamefika kwetu, Baba amekwisha kuwagawa kwa wajomba. Mama alikuwa katika umati, amevaa kikwembe cha sikukuu. Alipiga vigelegele, halafu akajifunika uso.

Wazee wa Lubero wameenda, na wenzangu wa ndani ya ua walirudishiwa simu zao. Yangu ilibaki katika sufuria. Mumbo havuki ua.

Jumapili, 27 Julai
Hanisemeshi. Nampelekea chakula, anakipokea, anageuka ukutani. Leo nilisema, "Unisamehe." Alijibu bila kugeuka: "Ulinitikisia kichwa, Masika."

Ni hilo tu.

Jumatatu, 4 Agosti
Jumamosi walimpeleka Beni aonwe na watu wa huko. Aliomba kwenda nyuma ya nyumba kujisaidia. Hakurudi. Leo habari imekuja kutoka Kasindi: amevuka mpaka ndani ya lori. Zaina naye hayuko kwao.

Wazee walirudi, wakakaa mchana kutwa. Nilisikia yote kutoka jikoni. Hawatachagua mwingine, maana yeye yu hai. Hawatasema amekimbia, maana mwami hakimbii.

Nilimuuliza Tantine, "Na mimi?" Sauti ilitoka vizuri kabisa.

"Weye ni mumbo. Mumbo anatoka mwami akikufa."

Kambale ana miaka ishirini na sita.

Tantine alisimama kidogo mlangoni, akanitia kitabu mkononi. Hakunitania. "Mwami ana homa, binti yangu. Saa kumi utasoma."

Jumanne, 19 Agosti
Matokeo yametoka. Kavira, mdogo wangu, alikuja mbio mpaka langoni. "Masika! Umepita! Umepita!" Alikuwa na kopo la poda la kunimwagia, kama wanavyomwagiwa wenzangu mjini tangu asubuhi. Mlinzi hakufungua. Akaenda pembeni, akatupa poda juu ya ua, kiganja baada ya kiganja, huku akiniita. Upepo ulichukua sehemu kubwa.

Sikuitika. Mumbo haitikii nje.

Alipoondoka nilienda pale. Kidogo kilikuwa kimebaki juu ya majani. Nilikichota kwa kidole, nikajipaka katika paji la uso.

Saa kumi nikaketi kwenye kigoda. Tumefika mahali penye majina marefu. Leo nimeyasoma yote.