Kiungo Nilichokipuliza

Baba, shikamoo.

Sijui huko uliko marahaba huitikiwaje, lakini nimekuachia nafasi yake. Ni mimi Zuhura, binti yako mwenye haraka. Hitima ya arobaini tumekwisha kukusomea, na Jumamosi iliyofuata nikafungua tena darasa letu kwenye ukumbi wa kijiji cha ujamaa, huku Kwihara. Watoto ni kumi na mmoja. Bado tunawafundisha kuunga redio ndogo, na chuma cha kulehemu bado tunakipasha kwenye jiko la mkaa, maana umeme wenyewe ni ahadi ya kwenye mikutano. Kiti chako cha ngozi kipo palepale karibu na dirisha. Hakuna anayekikalia.

Unakumbuka ulivyokuwa ukigombana na watoto wa hapa? Tangu wanajifunza kutembea wanapuliza majiko ya mama zao, basi wakiona risasi ya kulehemu imeyeyuka juu ya waya, midomo inajikunja yenyewe: fuu! Nawe unapiga meza. "Usipulize! Kiache kipoe chenyewe." Ulisema kiungo kilichopulizwa ni cha uongo, leo kinashika, kesho kinakufa. Ulikitambua kwa sikio tu, redio inavyokoroma, hata kabla hujafungua kifuniko.

Kwa sikio tu. Hapo ndipo ninapoteseka, Baba.

Wiki ile ya mwisho, hujiwezi kitandani nyumbani Gongoni, mjini Tabora, waya wa redio yako ulichomoka. Baba Mdogo alikuwa ameandika kutoka Mtwara kwamba salamu zake kwako zitasomwa redioni Ijumaa alasiri. Miaka mingapi hamkusemeshana nyie wawili! Nikauunga ule waya mbio mbio, huku wewe unaniita nikuletee maji, na mimi... nikapuliza. Mimi, mwalimu wa watoto! Ijumaa ikafika. Tukasikia jina lake, tukasikia "zimfikie kaka yangu huko Tabora, aambiwe kwamba", halafu redio ikakoroma, ikanyamaza. Ulinitazama kitambo. Ukasema, "Betri hizo, mwanangu." Kufika alfajiri ulikuwa umeondoka.

Betri zilikuwa mpya. Nilizitia mwenyewe asubuhi ile. Sikumwambia mtu, hata Mama.

Sasa sikia kilichonifanya nikuandikie. Kuna mtoto mgeni, Milembe, wa miaka kama tisa. Familia yake ilihamia hapa kijijini kutoka Nzega baada ya mazishi yako, hajakuona hata siku moja. Siku yake ya kwanza aliyeyusha risasi, akakunja midomo, na kabla sijamkataza akaacha mwenyewe. Nikamuuliza nani kamfundisha. "Babu amenikataza." Babu yupi? Akaelekeza kidevu kwenye kiti chako. Wenzake hawakuinua hata macho. Nikacheka, nikasema watoto hawa wana maneno.

Jumamosi ya pili alinisogelea kwa adabu, kama mtoto aliyetumwa kwa jirani kuomba chumvi. "Mwalimu, Babu anasema hazikuwa betri."

Lahaula! Nani mwingine alijua, Baba? Wewe na mimi tu. Na kumbe ulijua, ukanifichia aibu hata ukiwa unakata roho.

Nilirudi nyumbani nikaifungua redio niliyokuwa nimeiviringisha kwenye kanga tangu msiba. Kiungo changu kile pale, rangi ya jivu, kina ufa mwembamba. Nikaipeleka ukumbini, nikawaonyesha watoto mmoja mmoja, nikawaambia yote. Nililia mbele yao, wala sikuona haya. Kisha nikakiunga upya, midomo nimeibana mpaka ikauma. Nikamwandikia Baba Mdogo: zitume tena salamu zilezile, neno kwa neno, kana kwamba Baba yupo. Hakuuliza kwa nini.

Juzi Ijumaa zikasomwa. Tulikuwa wote ukumbini, redio nimeiweka mbele ya kiti chako. Sauti ikatoka safi: "Zimfikie kaka yangu huko Tabora, aambiwe kwamba yale ya zamani nimekwisha kuyasahau, naye ayasahau."

Umesikia, Baba? Niambie umesikia.

Hakuna mtoto aliyejongea. Ngozi ya kiti ikalia, ile sauti yake unapoinuka. Wallahi niliisikia, na watoto wakageuka wote kutazama mlangoni. Milembe akaenda, akaweka kiganja pale juu ya ngozi.

"Babu katoka," akasema. "Bado pana joto."

Basi nenda salama, baba yangu. Nilitamani na mimi niweke mkono, nikupate hata kwa mara moja, lakini nilijizuia. Nakuahidi watoto hawa nitawafundisha mpaka na mimi niache kiti, na kosa langu sitawaficha.

Chako sijakigusa. Nimekiacha kipoe chenyewe.

Binti yako,
Zuhura