Mita Saba za Goli la Juu

Jumanne, 1 Julai

Nimeshona namba tisa, nikaifumua, nikaishona tena. Ilikuwa imepinda. Jezi kumi na nane, zimebaki nne. Baridi kali, ukungu haukuondoka mpaka saa saba mchana. Kuna sare ya shule na gauni la kipaimara vinasubiri. Visubiri. Mfereji kwanza.

Bado siamini. Mfereji, timu ya kijiji hapa Uru, wachuma kahawa na wabeba mizigo ya watalii, imepanda Ligi ya Mkoa. Miaka tisa naishonea. Nyekundu ya kahawa iliyoiva, mikono ya kijani, kifuani mgomba wenye mkungu, na chini yake mstari wa maji, yaani mfereji wenyewe unaopita juu ya uwanja. Nembo niliichora mimi kwa penseli.

Naona fahari. Naiandika hapa kwa sababu nikiisema wataona najisifu.

Alhamisi, 3 Julai

Kundi la WhatsApp la mashabiki halikaliki. Deo, mdogo wangu, ametuma picha ya jezi mpya. Ana duka la uchapaji Moshi mjini, ameitengeneza kwenye kompyuta yake. Bluu. Kifuani tai amekunjua mabawa. Hakuniambia kwanza. Nimeiona pamoja na watu wote.

Ana sababu zake. Timu ya Kwa Sadala nayo inavaa nyekundu. Mgomba unatufanya tuonekane genge la ndizi. Na mechi za nyumbani tuzipeleke uwanja wa mjini, kwenye jukwaa na majani ya kueleweka, siyo huku kwenye mteremko ambako mpira ukitoka unafuatwa kwenye migomba ya watu. Vijana wengi wamemuunga mkono. Mmoja aliyeko Dar kaandika kwamba jezi yetu ni sare ya kwaya.

Nimezima simu. Nimeiwasha baada ya dakika kumi.

Tai hajawahi kumsomesha mtu hapa. Mgomba umetulisha, umelisha ng'ombe, maziwa ya hao ng'ombe ndiyo yaliyompeleka Deo chuo.

Jioni Mzee Proches, mwenyekiti wetu, katuma makundi ya ligi. Tumewekwa na timu za Hai na za mjini. Kirua Vunjo wako kundi lingine. Kirua! Watani wetu tangu tunacheza pekupeku. Hapo ndipo waliokuwa wanatukanana kuhusu jezi wakakubaliana jambo moja: tumeonewa.

Jumapili, 6 Julai

Kikao baada ya misa ya pili, darasani shule ya msingi. Watu mpaka madirishani. Nilikuwa mezani, naandika kumbukumbu. Mimi ndiye katibu wa tawi la mashabiki.

Makundi: Mzee Proches ameandika barua, amejibiwa kwamba ratiba imeshapangwa. Tumemeza.

Rangi na nembo: Deo alisimama. Anaongea vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisema timu ikipanda inabidi ipande na kila kitu chake. Nikamjibu kwamba mtu akihamia nyumba mpya habadilishi jina la baba yake. Watu wakapiga makofi. Akanigeukia mbele ya wote.

"Dada, wachezaji hawawezi kupanda daraja wamevaa kumbukumbu zako."

Wakamzomea. Kuna aliyemwambia arudi mjini kwake. Mdogo wangu, aliyezaliwa hatua hamsini kutoka goli la juu. Ningeweza kugonga meza. Niliacha wakazomea.

Mikono ikahesabiwa. Nyekundu inabaki, mgomba unabaki. Deo akaondoka kabla ya sala ya kufunga.

Tumeshinda. Nimekula mtori wa Mama bila hamu.

Jumatano, 9 Julai

Mkaguzi wa ligi amekuja na futi yake ndefu. Mtu mpole, wa makamo, ana viatu visivyofaa matope yetu. Ameutazama mteremko, akacheka kidogo, akasema ameshaona wenye kuzidi huu. Madarasa yatafaa kubadilishia nguo. Uzio wa fito atauruhusu kwa mwaka wa kwanza. Kisha akapima urefu wa uwanja.

Umepungua mita saba.

Alipima mara mbili, kwa ombi langu. Saba. Tarehe 29 atarudi. Kama bado, msimu wote nyumbani kwetu kutakuwa mjini, kila timu itatufunga mbele ya watu wake, na wazee wa hapa hawataona mechi hata moja.

Chini ya goli la chini kuna korongo. Huko hakuna pa kwenda. Juu ya goli la juu kuna kihamba chetu, shamba la ukoo lenye nyumba ya Mama, kahawa na migomba. Baba alipofariki kilimwangukia Deo, kitinda mimba, kama ilivyo desturi yetu.

Watu wote wakanitazama mimi. 

Ijumaa, 11 Julai

Nimeshuka mjini. Deo alikuwa anachapa kadi za harusi. Alinipa kiti, akaagiza chai, hakukaa.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yakaisha kwa sentensi mbili. Tunaomba mita saba za juu, upana wa uwanja. Mistari mitatu ya kahawa na migomba kama kumi na tano.

Aliendelea kulisha karatasi mpaka mashine ikamaliza.

"Jumapili mlinizomea niondoke. Leo mnataka kihamba changu."

Nikasema nisamehe, nilikuwepo na sikuwazuia. Hilo nililisema kwa dhati. Akasema kahawa ile aliipanda Baba mwaka aliozaliwa yeye, kila mwaka Baba alikuwa anamwonyesha: hii ni rika lako. Mimi nilikuwa sijui. Dada mkubwa wa nyumba, sijui.

Nikamwambia basi, acha. Nilimaanisha. Chai sikuimaliza.

Njiani kurudi nimejionea aibu. Nilimwita mtu wa mjini kichwani mwangu wiki nzima.

Jumapili, 13 Julai

Deo hajaja. Kila Jumapili huja kwa Mama. Leo hapana.

Mama aliniuliza kuna nini. Nikamweleza yote, na yale ya kuzomewa. Alikuwa anamenya ndizi, hakuacha. Alisema Baba alikuwa analalamika kila siku kwamba mipira inavunja matawi ya kahawa. Analalamika, anaokota mpira, anaurudisha, halafu anasimama hapo hapo na jembe mpaka mechi inaisha. Palizi inalala.

Akaniambia nimpigie Deo, nimpe simu. Wakaongea Kichagga. Mimi nikatoka nje kukata majani ya ng'ombe, ili wasione ninasikiliza. Nilisikia kidogo tu, mwishoni, maana Mama alipaza sauti:

"Shamba ni lako. Kahawa naichuma mimi. Mimi sijakataa, sasa kataa wewe kama unataka, lakini kataa kwa sababu yako, usikatae kwa sababu yao."

Akanirudishia simu kama hakuna kilichotokea. Akauliza kama ng'ombe wamekunywa.

Jumatatu, 14 Julai

Saa moja asubuhi nilikuwa nafungua mlango wa duka langu la ushonaji, nikasikia panga.

Nikakimbia. Deo peke yake, ameacha gari barabarani, amevaa shati la kazini. Alikuwa kwenye mti wa kwanza wa mstari. Hakukata ovyo. Alikuwa amechuma kwanza zilizoiva, ziko kwenye ndoo. Zilizokuwa mbichi alizitazama tu. Halafu akakata.

Nilisimama. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Mwishoni nikashika matawi, nikayavuta pembeni. Alipofika mti wa tano alikuwa analia, na alikuwa anakata, na sikuthubutu kumshika bega.

Mama alitoka na ndoo nyingine. Akaanza kuchuma mstari wa pili mbele yake, haraka haraka, asije akachelewesha panga.

Saa nne tukaenda ofisi ya kijiji, tukaandikishana. Mzee Proches alivua kofia. Akataka goli la juu lipewe jina la Baba. Deo akakataa. Alisema liitwe goli la juu, kama Baba alivyokuwa analiita.

Ninajivunia kaka yangu huyu mdogo kuliko ninavyoweza kuandika. Nimejaribu mara mbili hapa, nimefuta.

Jumatano, 16 Julai

Kamati. Nimeomba nafasi ya kusema. Nimependekeza bluu ya Deo iwe jezi ya ugenini. Ligi inataka jezi mbili hata hivyo, na Kwa Sadala tutagongana rangi. Mgomba ubaki kifuani, lakini auchore upya yeye. Wangu, kusema kweli, mkungu wake unafanana na popo.

Wote wamekubali. Kuna mjumbe alicheka akaniuliza kama nimeugua.

Jumamosi, 19 Julai

Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Paroko alitangaza, mchungaji wa Kilutheri wa ng'ambo ya korongo naye akatangaza, bila kuombwa. Niliogopa watakuja thelathini. Niliacha kuhesabu mapema. Wazee na majembe, akina mama na karai, wapagazi waliotoka mlimani jana na magoti yamevimba. Kila mzee anayefika shikamoo zinamfuata mpaka mwisho wa mstari.

Tunachonga juu, tunapeleka udongo chini. Mteremko unapungua kidogo kwa wakati huo huo. Waliomzomea Deo walikuwa wa kwanza kumpokea karai. Mmoja alimwomba radhi hadharani, sauti ndogo, macho chini. Deo akamwambia ashike chepe vizuri.

Akina mama wamepika machalari ya ndizi, sufuria nne. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilisubiri kazi iishe, Mzee Proches aliikalia mwenyewe.

Mikono yangu haiwezi kushika sindano. Sijali.

Jumamosi, 26 Julai

Msaragambo wa pili. Mvua nyembamba ya asubuhi iliteremsha kifusi cha pembeni, tukarudia. Karibu tukate tamaa saa sita. Wakatokea watu kumi na wawili na majembe, siwajui. Ni mashabiki wa Kirua Vunjo. Walipanda gari kutoka kwao. Mkubwa wao akasema hawapo kundi moja nasi mwaka huu, lakini mwakani wanataka kutufungia hapa hapa Uru, mjini hawana shida napo.

Hilo tusi ndilo jambo zuri kuliko yote niliyosikia mwezi huu.

Jumanne, 29 Julai

Mkaguzi kaja na viatu vya mpira. Amepima. Amezunguka goli la juu, akasimama kwenye udongo mpya, akaurukia kwa visigino mara kadhaa. Akaniuliza hapa palikuwa na nini. Nikamwambia kahawa.

Akaitazama karatasi yake muda mrefu, nikadhani kuna kosa. Akasaini.

Nimelia mbele ya mgeni. Potelea mbali.

Jumamosi, 9 Agosti

Mechi ya kwanza. Wageni wetu timu ya mjini, jezi zao zinang'aa, basi lao lina mapazia. Walishuka wakautazama uwanja wakacheka. Hata mimi ningecheka. Unaona mlima mzima nyuma ya goli la juu ukungu ukifunguka, na ulifunguka leo, na wakaacha kucheka.

Vijana wetu walitoka darasani na nyekundu. Mgomba aliouchora Deo ni mzuri kuliko wangu. Mkungu umeshiba, maji yanaonekana yanakwenda. Nilidhani nitaona wivu. Nilimshika mkono tu, kwa nguvu, akanilalamikia.

Mama alikuja. Maisha yake yote ameishi hapo juu na hajawahi kukaa kutazama mechi, kazi zilikuwa hazimwishi. Leo alikaa kwenye kigoda nyuma ya uzio, upande wetu. Walitutangulia kwa goli la mapema. Tulisawazisha kipindi cha pili, kona, kichwa, goli la juu. Mfungaji alikimbia mpaka kwenye ule udongo mpya akapiga goti. Hakuambiwa. Nilimwona Deo akitazama pembeni.

Tumetoka sare, moja kwa moja. Walituzidi, nisijidanganye. Lakini hawakutufunga hapa.

Jumapili, 10 Agosti

Deo alilala kwa Mama. Hajalala huko tangu msiba wa Baba.

Misa ya kwanza, halafu nyumbani. Jua zuri. Hatukuongea mpira. Deo alirekebisha bawaba ya banda la ng'ombe, mimi nikamaliza lile gauni la kipaimara nimelikalisha mapajani. Mama alianika kahawa kidogo iliyopo, anaigeuza kwa kiganja.

Baadaye akauliza mechi ijayo wapi. Nikamwambia ugenini, Kwa Sadala. Akageuza kahawa. Akauliza kama kwenye gari la mashabiki kuna nafasi ya mtu mmoja asiyependa kukaa dirishani.

Nikaenda kuchukua daftari la safari. Nimeandika jina lake kwanza, juu ya langu.