Majina ya Nyumba Mbili

Mwanza, Jumanne

Kaka Marwa, shikamoo.

Bhoke amepoteza jicho la kulia. Jumapili asubuhi daktari alifungua bendeji, akaziba la kushoto, akalimulika hilo kwa tochi, mwanangu akauliza, "Mama, mbona hawawashi?" Basi habari za huku ndizo hizo. Nyinyi hamjambo? Mama anaendeleaje na miguu yake? Nauliza kwa barua kwa sababu simu zangu kumi na nne hukupokea.

Nilikuletea mtoto wa miaka saba, likizo, ana macho mawili. Kipele kilipomtoka kwenye kope mkasema jipu, zahanati wakakipasua. Mkakaa naye siku sita. Alipofika kwangu uso umevimba hadi shingoni, kidonda cheusi kama mkaa, na ukikigusa hasikii maumivu. Hilo ndilo lililomshtua daktari. Alikupigia mbele yangu. Namba ngeni ukaipokea.

"Kuna ng'ombe aliyekufa hapo nyumbani?"

"Hakuna, daktari. Tulichinja tu, kwa heshima ya mpwa wangu."

Kwa jibu hilo wakatibu ugonjwa mwingine siku mbili nzima. Jumamosi maabara wakasema kimeta, ugonjwa wa ng'ombe. Sasa anachomwa sindano kila baada ya saa sita na uvimbe unashuka. Jicho halirudi.

Bhoke amenieleza. "Mjomba alimkata ng'ombe shingo, ng'ombe amelala tu, mama. Damu ilikuwa nyeusi." Kibudu, kaka! Ukawagawia watu, wakakusifu kwa kumchinjia mgeni. Na mgeni mwenyewe ukambebesha nyama kichwani, ikamchuruzikia usoni. Anahesabu kama mimi: alipeleka nyumba nne. Bwana mifugo aliyetumwa na hospitali alipokuja kuuliza nyama ilikokwenda, ukamtajia mbili. Hizo nyingine, mtoto anakumbuka moja ina mlango wa bluu, nyingine ina mama anayenyonyesha. Majina hayajui.

Nilitoka hapo na mkasi mmoja, leo nina cherehani sita, na sijawahi kukuomba kitu. Leo naomba.

Mama mpe shikamoo yangu. Wifi ndiye aliyekata nyama: aende zahanati leo, aseme ni kimeta, na kipele chochote asikubali kipasuliwe.

Aliyekuletea barua hii anarudi huku Alhamisi saa sita mchana. Asirudi mikono mitupu. Nyumba ya tatu ni ya nani? Ya nne ni ya nani?

Mdogo wako,
Wankuru