Paskalina Anajibu kwa Macho

Shikamoo Bibi.

Huyu anayekuandikia si yule mjukuu wako mvivu aliyeacha shule kidato cha pili. Ni mtaalamu. Kuanzia Maretadu mpaka Haydom hakuna anayejua kumhudumia mtu mwenye ulemavu kunishinda, na kama yupo, ajifiche. Nimemaliza mafunzo ya mtandaoni kwa simu ya Mjomba iliyopasuka kioo, nimesimama juu ya kichuguu katikati ya mahindi, maana nyumbani mtandao haukamati. Majirani walidhani nina mchumba mjini.

Usikasirike, Bibi, lakini ulikuwa unakosea. Ulimlaza Paskalina chali ndipo unamnywesha uji, akipaliwa unaulaumu uji. Mimi namkalisha wima, mito huku na huku, kijiko kidogo kidogo. Sasa mdogo wangu hapaliwi, na mashavu yamejaa. Uone mwenyewe!

Kubwa zaidi ni hili. Kwa kuwa hatembei wala hasemi, Mjomba alikuwa ananicheka: "Wewe unaongea na gunia la mbegu." Mwalimu wa kwenye simu akasema, muulize, halafu subiri. Nikamuuliza, uji au maziwa? Nikasubiri mpaka uji ukapoa. Akageuza macho kwenye kikombe cha maziwa, akayaacha hapo. Mjomba akasema bahati tu. Basi akajaribu yeye: "Pasi, nikubebe?" Paskalina akafumba macho kabisa, kama aliyepigwa na moshi: hataki. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Siku hizi Mjomba akirudi anampa yeye kwanza habari za ng'ombe, ndipo anisalimie mimi. Nami kila kitu namwambia kabla ya kumgusa: nakuinua, nakugeuza, nakufuta.

Kila kitu, Bibi, isipokuwa kimoja.

Siku ya kukuzika wote tulitupa udongo. Yeye tulimpeleka kwa jirani, tukasema hataelewa. Wakati ule sikujua. Sasa najua anaelewa, na mlango ukilia anageuza macho, anakusubiri uingie. Mimi nakwepa, naanza kumsimulia habari za mvua.

Pumzika, Bibi yangu. Kesho asubuhi nitamleta kaburini kwako, nimfungue kiganja, nimtilie udongo, nimwambie. Naogopa macho yake. Cheti ninacho, lakini mpaka leo Paskalina hajui kwamba umekufa, na aliyemnyamazia ni mimi.