Giza Lililomla Bibi Harusi Nusu

Ukunda,
Jumapili.

Kwa Baba yangu mpenzi,

Shikamoo Baba. U hali gani, na Mama je? Na huo mguu wa kushoto umeacha kukusumbua, au bado waubembeleza kwa mafuta kila jioni? Mimi ni mzima, nala vizuri, ila kichwa changu hakijatulia tangu Alhamisi. Nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda. Juzi nilikuuliza habari za fleshi ukanijibu habari za mbuzi, na nilipopaza sauti majirani wakatoka nje kutazama nani anapigwa.

Jambo lenyewe ni hiyo fleshi yako. Siku naondoka ulinikabidhi imefungwa kwa leso ya Mama, ukaniambia imewapiga picha madereva wa lori na wachuuzi wa ng'ombe wote wa hapo kwetu Samburu na haijawahi kukuangusha. Basi Baba, mimi imeniangusha, kisha ikaninyanyua, na hadi sasa sijui imefanyaje yote mawili.

Alhamisi Bi Mwanasha, mwenye studio ninayofanyia kazi, alinituma Msambweni peke yangu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa siku ya bibi harusi kutiwa hina, shughuli ya wanawake watupu. Mapazia yamefungwa, na mlangoni amekaa mama mmoja na beseni: kila anayeingia anatia simu yake humo, inafunikwa kwa leso, ataichukua akitoka. Hawataki wanaume waje waone wake za watu na mabinti wamevua mabuibui wanacheza. Kwa hivyo kamera pekee iliyoingia ni hii mpya ya studio. Fleshi yake mpya Bi Mwanasha alikuwa amekwenda nayo mwenyewe kwenye hoteli Diani. Nikasema haidhuru, ya Baba ipo. Nikaipachika juu ya kamera, ikakaa vizuri kabisa. Nikabonyeza, ikawaka, wakapiga vigelegele.

Nikatazama kioo cha kamera. Bibi harusi alikuwepo kuanzia kifuani kwenda juu. Chini yake giza totoro. Mikono haipo, miguu haipo, na hina yote iliyomkalisha tangu asubuhi haipo.

Nikabadilisha betri kama ulivyonifundisha. Giza. Nikafuta lenzi kwa upindo wa gauni. Giza. Nikaisimamisha kamera wima, na hapo ndipo nilipotaka kulia, maana giza lilitoka miguuni likahamia ubavuni, likammeza somo wake aliyekaa pembeni. Giza gani hili lenye kutembea? Nikaizima fleshi kabisa, picha nzima ikawa nyeusi. Sasa niambie Baba, fleshi yako inaleta mwanga au inaleta giza?

Somo, yule mama anayemfunda bibi harusi na kumsimamia, akachungulia kioo.

"Audhubillahi! Mwanangu katiwa jicho huyu. Mbona yuaonekana nusu?"

"Si jicho, bi. Ni fleshi."

"Fleshi si hiyo yawaka, na sote twaiona?"

Kweli ilikuwa inawaka.

Mama mzazi hakupiga kelele, na hilo liliniuma zaidi. Alinishika mkono akaniambia binti yake akishaolewa anakwenda Maskati na mumewe, na picha hizi ndizo atakazobaki nazo yeye. "Simu za watu nimezizuia mimi mwenyewe, mwanangu. Nilikutegemea wewe." Hina haitoki upesi, kwa hivyo wakakubaliana bibi harusi avishwe tena Ijumaa alasiri na wanawake waitwe upya.

Nilipompasha Bi Mwanasha habari, aliniambia kwa sauti ya chini, "Umazi, kesho picha zisipotoka nzima, niletee kamera yangu urudi kwenu." Fleshi yake hakunipa, alikuwa na harusi Tiwi. Nikamwendea mwenzetu wa bara anayechapisha picha, akaigeuza fleshi yako mikononi, akacheka. "Hii ni ya kitambo sana. Haiongei na hii kamera. Kamera haijui hata kama iko hapo." Nikamwuliza kama haijui, mbona nikibonyeza inaiambia iwake? Akainua mabega, akarudi kwenye mashine yake.

Ijumaa somo alinisubiri na chetezo. Alimfukiza bibi harusi, akanifukiza mimi, akaifukiza na kamera, moshi wa ubani ukajaa chumba kizima. Nikapiga. Juu picha ikawa nyeupe kwa moshi, chini nyeusi kama jana. "Wayaona?" akasema. "Latoka hilo jicho!" Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mama wa bibi harusi alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama mimi tu.

Bibi harusi mwenyewe, msichana mpole, akanionea huruma. Akanyoosha mikono kunionyesha hina, eti pengine nikipiga kwa karibu itatoka. Kucha zake zilikuwa nyekundu. Nikazitazama zile kucha, nikaikumbuka kamera yako ya zamani. Lile tone jekundu kwenye gurudumu lake la kasi, kwenye namba sitini, rangi ya kucha ya Mama ambayo hadi leo anailalamikia! Ulikuwa ukinichapa kidole: "Fleshi ikiwa juu, hapa usipite." Nikikuuliza kwa nini, unasema, "Kwa sababu nimesema." Nilidhani ni ukali wako tu.

Gurudumu la kamera hii halina namba, namba zinatokea kwenye kioo. Nikatazama: mia tano. Ndipo nilipoiacha Alhamisi asubuhi nilipowapiga wageni ufukweni kwenye jua kali. Nikateremsha polepole hadi sitini. Moshi ulikuwa umeshapungua. Nikabonyeza.

Baba, alitoka mzima! Mashavu, mikono, miguu, mpaka ukindu wa mkeka aliokalia. Mama yake alikishika kioo kwa mikono miwili.

Lakini sijaelewa. Fleshi ya Bi Mwanasha sijawahi kuiangalilia namba, nadhani kamera huiona ikateremsha namba yenyewe. Yako haiioni, sawa. Lakini mbona kamera ikikimbia inakosa nusu, isikose yote? Na kwa nini mguu na si kichwa? Somo anasema ni ubani, na mimi sina ushahidi wa kumpinga. Bi Mwanasha amezipitia picha zote, kisha akasema Jumamosi ijayo nitakwenda shughuli nyingine peke yangu. Niandikie basi kwa nini sitini, na safari hii usiseme kwa sababu umesema.

Nisalimie Mama, mwambie rangi yake ya kucha imeniokoa kazi. Nisalimie kaka Mwero na mbuzi wake, na wifi Mbeyu aliyenishonea gauni ninaloendea kazini, na Bibi, mwambie natumia ule mto aliojaza pamba kwa mkono wake. Barua hii nampa dereva wa lori la mbuzi, ataishusha hapo barabarani.

Najua utaipekua bahasha kutafuta kazi ya fleshi yako. Picha za bibi harusi hamna. Mama wa bibi harusi aliniapisha zisionwe na mwanamume yeyote. Nikamwambia fleshi ni ya baba yangu, akasema hata baba yako. Niliona uchungu, maana nilitaka uione ilivyowaka. Kamera hii haina pa kupaka rangi, kwa hivyo nilimwomba somo anitie tone la hina kwenye ukucha wa kidole gumba cha kulia, kile kinachozungusha gurudumu. Nimekipiga picha kwa fleshi yako, kwa sitini. Nimeitia humu ndani, hiyo ndiyo pekee ninayoruhusiwa kukuonyesha.

Ni mimi binti yako, uliyemchapa vidole,
Umazi