Kwa Sikudhani, Uliyevaa Sharubu Zangu

Mpwa wangu Sikudhani,

Najua huko uliko hakuna posta, lakini mimi sijawahi kushindwa kufikisha kitu. Mimi ndiye niliyeleta friji ya kwanza Maneromango, nimeifunga kwenye baiskeli, masika, barabara yenyewe haipo. Itanishinda barua? Na wengine wakiisoma njiani waisome tu, wapate faida.

Nakuandikia kukushukuru, na kukupa habari za ule mzigo ulioniachia. Ulipolazwa mara ya mwisho, saa ya kuona wagonjwa, ulinivuta mkono ukasema, "Mjomba, siku yangu ikifika msinisindikize kimya kama mtu wa ofisini. Mama yangu acheke. Hata mara moja tu. Niahidi." Nikakujibu, "Mama yako namchekesha tangu hajaota meno." Halafu nikatoka nje, nikajifanya napokea simu.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Dada yangu alipokuwa anahangaika na biashara ndogondogo pale stendi ya Kwa Mathias, Kibaha, wewe ulikuja kukaa kwangu usome. Nikitoka shamba nilikuwa nakupa habari ya yule simba niliyemfukuza. Habari hiyo watu wazima walikuwa wakiisikia wanakumbuka ghafla kwamba wana mbuzi wa kufunga. Wewe ulibaki. Ulinitazama mdomo, ulinitazama mabega, ulinitazama mkono unavyokwenda. Sikujua kwamba uko darasani.

Siku moja narudi, nasikia sauti yangu inatoka uani. Nikashangaa, nimeingiaje kabla yangu? Kuchungulia, ni wewe, umevaa koti langu la kaki, umejichora sharubu kwa masizi ya sufuria, na wanawake waliokuwa wanatwanga wameacha michi wameshika mbavu. "Simba akaniambia shikamoo," unasema, "nami nikamjibu, marahaba, baba yako hajambo?" Wallahi mimi sikuwahi kusema hivyo. Lakini niliona imekaa vizuri zaidi, na tangu siku hiyo na mimi nikawa naisimulia hivyo hivyo.

Ukaanza kwenye maharusi. Ukaingia kile kikundi cha maigizo cha Kibaha, mnafanya mazoezi kwenye ukumbi wenye popo wengi kuliko watu. Filamu yako ya kwanza ulipita tu na ndoo ya maji, ukajikwaa, basi. Lakini kwenye banda la video watu walipiga kelele irudishwe nyuma wakuone tena unavyojikwaa. Nilikuwepo. Niliwaambia wote kwamba kule kujikwaa nimekufundisha mimi.

Ndipo ukamzua Mzee Tambo, ukampeleka kwenye televisheni. Kila Alhamisi, mzee mwenye sifa nyingi, koti la kaki, sharubu za manyoya ya mbuzi. Nchi nzima ikacheka. Ila kule Tangini alikohamia mama yako, majirani wakamwendea: "Mtoto wa kike, wa nyumba ya Kiislamu, anaota sharubu mbele za watu?" Dada akanipigia simu analia. Sasa kwetu neno la mjomba ni zito, unajua. Nikapanda gari mpaka Tangini, nikawakalisha wote mkekani. Nikawaambia, "Sharubu ni zangu. Mwenye malalamiko anione mimi." Kesi ikaisha pale pale. Na Alhamisi walewale wakaja kwa mama yako kuangalia, wakawahi viti vya mbele.

Kutoka hapo sikupita tena kwa amani Kwa Mathias. Makondakta wakiniona wanaita, "Mzee Tambo huyo! Mzee Tambo!" Nawajibu, "Yule wa kwenye tivii ni kopi. Orijino ni mimi." Wengine walidhani nimeudhika. Niudhike na nini? Ulipoulizwa redioni umesoma wapi kuchekesha, ulisema, "Chuo changu ni mjomba wangu." Mimi niliyeishia darasa la tano, nikawa chuo. Nilikaa chini ya redio ile mpaka betri ikaisha. Asante, mwanangu. Maneno yangu yalikuwa yanafukuza watu barazani, wewe ukayafanya yaite watu.

Sasa habari ya siku yenyewe.

Wasanii wenzako walikuja Maneromango na magari yaliyolala chini kama mijusi. Mvua imenyesha, yakanasa kwenye tope yote. Niliyatoa peke yangu. Wale waliokuwa wanasukuma nyuma walikuwa wananisindikiza tu. Lakini nyumbani, mwanangu, palikuwa kimya. Mama yako amekaa, macho makavu, hali, haongei. Watu maarufu wananong'ona. Na mimi, mwenye maneno yangu yote haya, nikabaki kupanga viti vilivyokwisha kupangwa.

Tegemeo letu lilikuwa Mzee Mihayo, yule Mnyamwezi anayeziba pancha Mlandizi. Mnyamwezi ni mtani wetu sisi Wazaramo. Msibani ana ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu, kumwigiza, kututukana, hata kulala njiani jeneza lisipite, na hakuna wa kumkasirikia. Sisi ndugu hatuna ruhusa hiyo. Kazi yetu ni kulia.

Basi Mihayo akavaa koti lako la Mzee Tambo, akasimama mbele ya jeneza. "Mimi ndiye Mzee Tambo! Nilikutana na simba..." Sauti ikakatika. Akaanza upya. "Nilikutana na simba, nikachukua panga..." Akajifunika uso kwa mkono wa koti. Mtani analia! Nikaona ahadi yangu imezama. Shehe akatazama saa.

Sasa mimi naweza kuvumilia mengi, lakini panga? Nikajikuta nimesimama.

"Panga gani, we Mnyamwezi? Kandambili! Nilimpiga kwa kandambili!"

Mihayo akainua uso. "Ya mguu gani?"

"Wa kushoto. Ya kulia ilikuwa imekatika."

"Na huyo simba alikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Kama gari lile pale lililokuwa limenasa."

"Akakimbilia wapi?"

"Mpaka Mzenga. Watu wa Mzenga wakaja hapa kulalamika."

"Mzaramo muongo we! Simba mwenyewe kanihadithia. Anasema ulipanda juu ya mnazi, na mpaka leo hujashuka!"

Mimi sikuwa nachekesha, nilikuwa natetea ukweli. Ndipo nikasikia kama mtu anakohoa. Ni mama yako, ameziba mdomo kwa upande wa khanga, mabega yanatikisika. Nikajua analia. Akaushusha upande wa khanga, akasema, "Kaka, na kandambili zenyewe zilikuwa zangu."

Msiba mzima ukaangua kicheko. Wenye kucheka wakalia, wenye kulia wakacheka, shehe akageukia ukutani. Mama yako alicheka mpaka akashikwa mabega, kisha akalia kilio chake chote alichokuwa amekifungia. Tukakuinua hivyo hivyo. Hukuondoka kimya.

Nakukosa, Sikudhani, sitakudanganya katika hilo. Alhamisi wanarudia vipindi vyako. Nikikuona unanyoosha kidole kama mimi, nanyoosha na mimi, halafu nakaa kidogo kabla ya kuzima. Lakini shukrani imezidi. Wapo wanaume wanaokufa hakuna aliyewahi kuwasikiliza. Mimi nimesikilizwa na mtoto mmoja, na kupitia kwake ikanisikiliza nchi. Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti, akulaze pema.

Leo dada amenipigia. Jumamosi anataka kuja huku shamba tupande mihogo. Tangu msiba hajataka kutoka kwenda popote, hii ndiyo mara ya kwanza. Nimemwambia asijisumbue kubeba jembe, eka nzima naimaliza mwenyewe kabla chai haijapoa.

Akanijibu, "Sawa, kaka. Nitabeba kiti."

Akupendaye,
Mjomba wako